Springa spanieli akiumwa Arusha na Moshi: soma dalili kabla ya kununua dawa

Springa spanieli wa Kiingereza alifugwa kwa kazi moja: kuingia kichakani, kunusa ndege aliyejificha, kumrusha angani, kisha kumletea mwindaji ndege aliyeanguka. Kabla ya bunduki kuenea, ndege huyo alinaswa kwa wavu au kwa kipanga aliyefunzwa. Uingereza ilimtambua rasmi kuwa mbegu inayojitegemea mwaka 1902. Dume aliyekomaa ana kimo cha sentimita 51 hivi begani na uzito wa kilo 20 hadi 25; jike hupungua kidogo. Masikio ni marefu na yamelala, manyoya ni marefu kifuani, tumboni na nyuma ya miguu, kati ya vidole kuna manyoya tele, na hamu yake ya kazi haijui kuchoka.

Kwao, kwenye baridi na matope, vyote hivyo vilimfaa. Huku kwetu ndivyo vinavyomwuguza. Sikio lililofunikwa hutunza unyevu. Manyoya hubeba kupe na mbegu za nyasi kutoka kila pori kati ya Kisongo na Kahe. Hamu ya kazi humkimbiza juani hadi aanguke. Kwa hiyo dalili yoyote ikitokea, uliza kwanza: ilianza lini, na siku chache kabla ya hapo mbwa alikuwa wapi? Halafu: ni upande mmoja au pande zote mbili? Daktari atakuuliza hayo hayo, na mara nyingi majibu yake humsaidia kuliko dawa tatu ulizokwisha kujaribu.

Uwe na kipimajoto cha kawaida cha kidijitali, tochi, kibano chenye ncha butu na kitana cha meno ya chuma. Joto la mbwa mzima hupimwa kwenye tundu la haja kubwa, na ni kati ya 38 na 39.2. Kumshika pua hakukuambii lolote.

Anatikisa kichwa na kukuna sikio

Hili ndilo tatizo kuu la spanieli popote alipo, na masika hulizidisha. Mfereji wa sikio la mbwa hushuka wima kisha hukata kona kuelekea ndani, kama herufi L. Juu yake spanieli ana sikio zito lenye manyoya ndani na nje, kama mfuniko juu ya chungu. Hewa haipiti, maji hayakauki, na kuvu na bakteria ambao siku zote wamo kwa idadi ndogo wanapata nafasi ya kuzaliana.

Inua sikio mahali penye mwanga. Angalia, nusa, kisha fanya hivyo hivyo kwa sikio la pili ulinganishe.

Ikiwa ni sikio moja, limeanza ghafla baada ya matembezi nyasini, mbwa ameinamisha kichwa upande huo na analia akiguswa, shuku mbegu ya nyasi. Zile mbegu zenye mkia zina vinyweleo vinavyoelekea nyuma, kwa hiyo huenda mbele tu, hazirudi. Kila akitikisa kichwa inazama zaidi. Ikionekana mdomoni kabisa mwa tundu, ivute kwa kibano. Isipoonekana usichokoe wala usiweke matone. Mpeleke siku hiyo hiyo kwa daktari mwenye kifaa cha kuchungulia sikio, maana ikifika mwisho hutoboa ngoma.

Ikiwa ni yote mawili, yameanza polepole, na kuna nta ya kahawia yenye mafuta na harufu ya uchachu kama mtungi wa mbege ulioachwa wazi, hiyo ni kuvu. Usaha wa njano au kijani wenye harufu ya uozo, pamoja na uvimbe na maumivu makali, ni bakteria. Vipande vyeusi vikavu kama machicha ya kahawa ni utitiri wa sikio, na humpata zaidi mtoto wa mbwa au mbwa anayelala na paka. Dalili hizi zinaweza kuchanganyika. Daktari akichovya kijiti cha pamba sikioni na kupaka kwenye kioo cha hadubini, ndani ya dakika chache anajua dawa ipi inafaa.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kununua matone ya jentamaisini duka la dawa za mifugo na kuyamwaga juu ya uchafu. Dawa haigusi ngozi, inaelea tu juu ya nta. Hatari zaidi ni kwamba ngoma ikiwa imetoboka, jentamaisini inaweza kuharibu sikio la ndani, mbwa akapoteza usikivu au akaanza kuyumba. Mbwa anayeinamisha kichwa muda wote, anayepepesuka, au ambaye macho yake yanachezacheza yenyewe, asiwekewe chochote sikioni mpaka apimwe.

Sikio lisilo na maumivu makali husafishwa hivi:

1. Tumia maji maalumu ya kusafishia masikio ya mbwa. Usitumie spiriti, siki kali wala haidrojeni peroksaidi. Zinachoma, na siku ya pili mbwa hatakubali umguse.
2. Vuta sikio juu na nyuma kidogo ili mfereji unyooke, kisha jaza mpaka uone maji yamefika mdomoni. Kwa springa ni mililita 5 hadi 10.
3. Kanda shina la sikio, chini ya tundu, kwa sekunde 30. Ukisikia mlio wa majimaji, ujue dawa imefika kwenye kona.
4. Mwachie ajitikise. Fanya kazi hii nje, si sebuleni.
5. Zungushia pamba kwenye kidole ufute pale kidole kinapofika, basi. Vijiti vya pamba husukuma uchafu ndani kama bunduki ya gobori inavyoshindiliwa.

Sikio lisilo na ugonjwa lisafishwe mara moja kwa wiki, na siku ile ile anapotoka kuogelea au kuoshwa. Ukizidisha, ngozi hulowa na kulainika ukawa umeanzisha ugonjwa mwenyewe. Nyoa manyoya ya ndani ya sikio, theluthi ya juu, na yale yanayozunguka tundu chini yake, ili hewa ipite. Mpe maji na chakula kwenye chombo kirefu chenye mdomo mwembamba, masikio yabaki nje. Kwa chakula cha majimaji, kata ncha ya soksi pana umvishe kichwani kama kilemba mpaka amalize.

Masikio yakiugua mara tatu ndani ya mwaka mmoja, acha kulilaumu sikio. Angalia kama pia anajilamba nyayo, kwapa na tumbo. Huo ni mzio wa ngozi, na sikio ni sehemu yake tu. Anza na viroboto, kwa sababu ndivyo rahisi kuondoa. Vikiwa vimekwisha na bado anajikuna, jaribu chakula: wiki 8 mfululizo za aina moja ya nyama ambayo hajawahi kula, kwa mfano sungura au mbuzi, pamoja na viazi vitamu, bila kingine chochote. Mtoto akimrushia kipande kimoja cha mkate au chapati, hesabu inaanza upya.

Sikio likivimba lote kama mto laini, damu imevilia ndani kwa sababu ya kutikisa. Usitoboe kwa sindano. Litajaa tena kesho yake.

Analamba au kutafuna unyayo

Nyayo zote nne zikiwa na rangi ya kutu kwenye manyoya, ni mate, na chanzo ni ule mzio uliotajwa juu. Unyayo mmoja wenye kinundu kati ya vidole kinachotoa majimaji ni mbegu ya nyasi iliyojidunga. Kuna tofauti hapa. Kishona nguo hung'ang'ania manyoya na hutoka kwa kitana, inasumbua tu. Mbegu ndefu za nyasi zenye mkia huingia nyamani na kusafiri. Kinundu hufunga, hupoa, kisha hupasuka juu zaidi mguuni wiki mbili baadaye. Loweka unyayo dakika 10 kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, kijiko cha chai kimoja cha kusawazisha kwa nusu lita, mara mbili kwa siku. Siku tatu zikipita bila nafuu, daktari afungue.

Weusi mgumu mdogo wenye duara jeupe kwenye pedi au pembeni ya kucha, hasa msimu wa kiangazi kwenye vumbi la banda, ni funza. Tibu na banda pia: fagia, mwaga maji, weka sakafu ngumu. Ukitoa funza miguuni ukaacha vumbi lile lile, wiki ijayo unarudia.

Kinga ni moja kwa yote: nyoa manyoya kati ya vidole, chini na juu, kila wiki tatu. Watu wengi wanapenda ule unyayo wa manyoya kama kiatu cha sufi. Kwa mbwa anayetembea kwenye nyasi za Njiro au Rau, pendo hilo linamgharimu yeye.

Amelegea, fizi nyeupe, mkojo wa rangi ya kahawa

Hii ndiyo dalili inayoua springa wengi wasio na haja ya kufa. Nyanyua mdomo wa juu. Fizi yenye afya ina rangi ya waridi; bonyeza kwa kidole mpaka iwe nyeupe, achia, na rangi inatakiwa kurudi ndani ya sekunde mbili. Ikiwa fizi ni nyeupe kama karatasi, au ina njano, usisubiri asubuhi.

Mshukiwa wa kwanza ukanda huu ni kupe. Babesia, kimelea anayeletwa na kupe, huvunja chembe nyekundu za damu: homa ya 40 au zaidi, hataki kula, fizi hupauka, kisha mkojo unakuwa mwekundu au kahawia. Huenda kasi, leo amelegea, kesho hasimami. Erlikia, bakteria anayeletwa na kupe pia, hutembea taratibu: homa inayokuja na kuondoka, kukonda, vidoa vyekundu vidogo kwenye ngozi ya tumbo, damu kutoka puani bila kuumia, viungo kuuma. Kupe mmoja aweza kumwambukiza vyote, na matibabu yake hayafanani. Babesia hupigwa sindano, kwa kawaida ya imidokabu, na aina ya dawa hutegemea aina ya babesia. Erlikia hutibiwa kwa doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa siku 28. Dozi hukatizwa sana siku ya saba kwa sababu mbwa ameanza kucheza. Miezi kadhaa baadaye ugonjwa unarudi ukiwa umeingia kwenye uboho. Kidonge hicho kipewe na chakula na maji, kisibaki kooni kikachoma.

Omba damu ipimwe kwa hadubini kabla ya sindano ya kwanza. Kwa babesia, tone linalotolewa kwenye ncha ya sikio huonyesha vizuri kuliko la mshipa mkubwa. Jijini Arusha kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), na daktari wako anaweza kupeleka sampuli huko.

Kuna mshukiwa wa pili ambaye mwenye springa lazima amjue, maana huzaliwa naye. Baadhi ya springa wana upungufu wa kimeng'enya kiitwacho fosfofruktokinasi ndani ya chembe nyekundu. Mbwa huyo huishi vizuri mpaka siku anapokimbia sana au kuhema kwa muda mrefu kwenye joto. Kuhema kunabadilisha kemia ya damu, chembe dhaifu zinapasuka, na baada ya hapo mkojo unakuwa mweusi kwa siku moja hadi tatu. Kisha anapona mwenyewe, na mwenye mbwa anasema sindano ya kupe imefanya kazi. Homa haitoshi kuwatofautisha, kwa sababu hata huyu anaweza kupata joto. Kinachotofautisha ni historia: mkojo mweusi unajirudia, kila mara baada ya mbio au joto kali, na kioo cha damu hakina vimelea. Matibabu ni kumpunguzia mbio na joto maisha yote. Kasoro hii hurithiwa ikitoka kwa baba na mama wote wawili, na ipo kipimo cha vinasaba kwa kufuta shavu la ndani. Anayeuza watoto wa springa kwa bei kubwa anapaswa kukionyesha.

Kuhusu kupe wenyewe: babesia kwa kawaida huhitaji kupe awe ameng'ata kwa siku moja au mbili, lakini erlikia huweza kupita ndani ya saa chache. Kumkagua kila jioni ni lazima, na peke yake hakutoshi. Pitisha vidole taratibu chini ya masikio, kwenye mkunjo wa midomo, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, kinenani, kati ya vidole na chini ya mkia. Mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, ukivuta sawa bila kuzungusha. Usimpake mafuta ya taa.

Vidonge vya kutafuna hufanya kazi vizuri: fluralana kila baada ya wiki 12, afoksolana kila mwezi. Asipewe mbwa mwenye kifafa bila daktari kujua. Anayetumia dawa ya kuogeshea apime, asikadirie kwa jicho kama anavyofanya kwa ng'ombe. Amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita 1 ya maji. Springa mmoja anahitaji lita 4 hadi 5, yaani mililita 8 hadi 10 za dawa. Vaa glavu, linda macho yake, lowanisha mpaka kwenye ngozi chini ya manyoya marefu, usimsuuze, na akauke kivulini bila kujilamba. Rudia kila wiki wakati wa mvua. Usimwogeshe mtoto wa chini ya miezi 4, jike mwenye mimba au anayenyonyesha, wala mbwa mwenye kisukari. Aliyezidishiwa husinzia, hupoa mwili, na moyo hupiga polepole.

Anahema bila kukoma, ulimi umekuwa mwekundu sana

Moshi iko chini kuliko Arusha kwa mita 500 hivi, na Januari na Februari joto lake ni jingine kabisa. Springa hatasimama mwenyewe; utakapoona anayumba umechelewa. Tembea kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami kwa sekunde saba. Joto likikushinda wewe, linamshinda yeye.

Akizidiwa, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, hasa tumboni na kinenani, na umpepee. Usipoteze muda kutafuta barafu, na usimfunike taulo bichi likabaki hapo, maana hugeuka blanketi. Mpe maji kidogo kidogo kama anaweza kumeza mwenyewe. Pima joto kila dakika tano. Likishuka hadi 39.5 acha kummwagia, lisije likaporomoka. Kisha mpeleke kwa daktari hata kama amesimama na kutingisha mkia. Figo na damu huonyesha madhara siku moja hadi tatu baadaye.

Usimnyoe upara ukidhani unampoza. Manyoya ya mgongoni yanazuia jua. Punguza ya tumboni na kifuani, na yale marefu ya miguuni.

Mate yanachuruzika, mdomo haufungi

Kabla ya kuingiza mkono mdomoni, simama. Mbwa anayeonekana kama amekwama mfupa anaweza kuwa na kichaa cha mbwa: taya limelegea, hawezi kumeza, sauti imebadilika, amekuwa mpole kupita kawaida au mkali ghafla. Kama chanjo yake haijulikani, au aling'atwa na mbwa wa mtaani miezi iliyopita, mfungie peke yake na umwite afisa mifugo wa kata. Mtu aliyeng'atwa au kuguswa na mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo. Chanjo ya mbwa huanza akifika miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka.

Mwenye chanjo kamili, anayejikwaruza mdomo kwa miguu ya mbele, mara nyingi ana kipande cha mfupa kilichokwama kati ya magego ya juu. Na yule ambaye mate yanaenda pamoja na kuhara, misuli kutetemeka na mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya pini, amekutana na sumu ya wadudu, iwe ya shamba la kahawa au bustani ya nyanya. Springa hupenda kupita katikati ya mistari ya mimea na kunywa maji ya mfereji. Ukijua shamba limepuliziwa, kaa mbali nalo. Akishapata sumu, chukua chupa au lebo ya dawa uende nayo. Daktari atahitaji jina la kemikali iliyomo ndani, si rangi ya kopo.

Anatapika kila anachokula

Magunzi ya mahindi na kokwa za parachichi. Msimu wa mahindi ya kuchoma, na miezi parachichi zinapoanguka chini ya miti Tengeru na Machame, springa anayependa kubeba vitu mdomoni humeza kokwa nzima. Inatelezea tumboni, inashindwa kupita utumbo. Anatapika, anajaribu tena, hapati choo, anakunja mgongo. Mafuta ya kula hayatasukuma kokwa. Ni upasuaji, na kila siku unayosubiri utumbo unaoza.

Akitapika na macho yana njano, kumbuka pumba na unga. Mahindi yaliyopata ukungu yana sumukuvu, na unga usiofaa kwa watu haufai kwa mbwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Ini la mbwa halina nguvu kuliko letu. Kupika hakuiondoi.

Springa wa kilo 20 anayefanya mazoezi anahitaji takriban gramu 300 za chakula kikavu kizuri kwa siku, katika milo miwili, na maji lita moja hadi moja na robo. Ugali na dagaa peke yake humwacha na manyoya makavu. Mbavu zake zinatakiwa zisikike ukipapasa, zisionekane ukiwa mbali.

Jicho limekuwa na ukungu au limefumba

Jicho moja limefumba ghafla baada ya kuingia kichakani: swila hutema sumu machoni, na pua ya springa hufika kabla ya mguu wako. Mwoshe kwa maji safi mengi, dakika 15 hadi 20, kisha daktari. Maziwa hayana kazi hapo.

Macho yote mawili yamepata rangi ya buluu kama maziwa yaliyochujwa, uso umevimba kidogo, ana homa, na wiki chache zilizopita mlipita naye upande wa Tarangire au Simanjiro: mweleze daktari habari ya mbung'o kabla hajaandika dawa ya macho. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kwa mbwa huanza hivyo mara nyingi, na tone la jicho halitaigusa.

Anayejigonga magharibi lakini mchana yuko sawa, na macho yake yanang'aa kuliko zamani mbele ya tochi, huenda retina inakufa polepole kwa urithi. Hauumi, na hauna tiba. Usihamishe fanicha, na usimzalishe.

Mkia umening'inia kama kamba

Jana aliogelea ziwa Duluti au kwenye mfereji wa maji ya mlimani, leo mkia umesimama vidole vinne kutoka mwilini kisha umeanguka, na hataki kukaa. Haujavunjika. Misuli ya shina la mkia imechoka kwa kazi na baridi. Apumzike, alale pakavu na pa joto, na ndani ya wiki moja unainuka. Parasetamoli na ibuprofeni za nyumbani asipewe kabisa. Mkia uliovunjika huwa na kona, uvimbe, na historia ya mlango au gari.

Anachimba bustani, anatafuna viatu, anabweka siku nzima

Hapa hakuna ugonjwa. Springa mzima anahitaji saa mbili za kazi kwa siku, na wengi wanaoletwa mjini wanapewa uwanja wa mita kumi na geti. Wengine wananunuliwa kama walinzi. Springa humpokea mwizi kwa furaha, kisha analaumiwa.

Kumkimbiza tu nyuma ya pikipiki humjengea pumzi, si utulivu. Kinachomchosha ni pua. Chukua mpira wa tenisi au glavu kuukuu, mwache akae, uufiche kwenye nyasi hatua tano kutoka alipo, kisha mtume. Akiuleta, chukua kwa mkono mmoja na mpe kipande cha ini lililokaushwa kwa mwingine. Kila siku ongeza umbali au badilisha upande wa upepo. Upepo ukimjia usoni atapata haraka. Ukitoka nyuma yake itabidi azunguke, na hapo ndipo kichwa kinafanya kazi. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni, pamoja na matembezi, na shimo la bustani litaanza kuota nyasi ndani ya wiki tatu.

Asiyebadilika baada ya hapo, rudi juu: angalia masikio, pima joto, papasa kupe.